Jina Lililojibiwa Kibati

Goma, Himbi, tarehe 8 mwezi wa nane 2004

Kwako yaya wangu Charline, hapo Butembo,

Pokea salamu za mudogo wako, za heshima na za mapendo, hata kama mapendo yenyewe yanachelewa njiani sawa na malori ya Kanyabayonga. Habari za nyumba? Habari za duka? Mama na muguu wake, je, bado unamutabiria mvua? Na Bibiche, ni kweli amemaliza primere, mwaka wa kwanza wa shule, akiwa wa kwanza katika darasa lake? Mubusu, umuambie mama yake mudogo anajivuna kwa majirani kana kwamba ni yeye aliyefanya mitihani.

Sisi huku tunaishi, Mungu hajatuchoka. Jua limekausha mabomba yote ya Himbi na tunateka maji ziwani. Mimi, Prezida wa Taifa wa Umoja wa Wapanda Milima, kila asubuhi napanda njia ya ziwa na bidoni kichwani, na jirani zangu wananicheka, wanasema huo ndio mulima wangu. Siwajibu. Nikiwajibu maji yanamwagika.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata, usidhani ilipotea. Niliikalia. Uliniuliza swali moja tu, na uliandika kwamba hutaki huruma, unataka jibu: wewe ni mujane, ama ni mwanamuke aliyeachwa? Papa Kakule amekuja nyumbani na wazee wake kwa heshima, mama anamupenda, Bibiche anamuvumilia, lakini padri amekataa kufungisha ndoa mpaka apatikane mutu aliyemuona Evariste amekufa. Ukaniuliza mimi kwa sababu siku ile nilikuwa na bwana yako, na kwa sababu sasa mimi ndiye ninaongoza Umoja alioupenda. Jibu ninalo, yaya. Lakini nivumilie nilieleze kwa mustari wake, maana nikilianzia mukiani hutaliamini.

Wewe zamani ulikuwa unamucheka Evariste. Ulikuwa unamuuliza mulimani kuna nini, kuna soko? Yeye anatabasamu, anafunga viatu vyake. Sasa nami ningekuambia kwamba kupanda mulima ni kazi ndogo, kazi ni kuongoza watu wanaopanda mulima. Vita vilipokata inchi vipande, Umoja nao ulikatwa. Seksio ya Mutwanga, tawi la wale wa Ruwenzori, walibaki kwa wakubwa wao; sisi wa Goma na wenzetu wa Bukavu tulibaki kwa wakubwa wengine; na Kinshasa walibaki na muhuri wa taifa, ingawa hawana mulima hata mumoja. Mwenzangu wa Mutwanga akitaka kunisalimu, salamu zilipitia Kampala. Na kila upande askari walikuwa na swali lilelile: juu ya nini munapanda kule, munaenda kuchungulia nani? Ukijibu kwamba unapanda ili ufike, wanakufunga. Bukavu walimutia mwenzetu mumoja kasho kwa sababu ya kamba. Walisema mutu mwenye kamba ndefu namna ile lazima ana mupango.

Halafu volkano ya mwaka wa 2002 ikafunika biro yetu, ofisi ya mutaa wa Mapendo, pamoja na kamba, ramani, bendera na kiti kile cha Evariste alichokitengeneza mwenyewe. Watu wa Mapendo wana muzaha wao, wanasema tuliupanda mulima mno, na siku ile ukashuka kututembelea. Mimi muzaha huo sijawahi kuucheka.

Na bado hatukufa. Tulishikiliwa na mwito, na hapo nakuomba usome polepole. Sijui kama Evariste aliwahi kukueleza, maana mambo ya mulima alikuwa hayaleti mezani. Kwetu, watu wakishuka, hakuna anayekaa, hakuna anayekunywa maji, hakuna anayelegeza viatu kabla ya mwito. Mukubwa wa safari anasimama pale njia inapoanzia, kwetu Goma ni Kibati, anawapa watu wake mugongo, uso anauelekeza mulimani, anaita majina. Kila mutu anajibu neno moja: nimeshuka. Aliyechoka mpaka hana sauti, jirani yake anamujibia: ameshuka, niko naye. Mukubwa haangalii nyuma. Wazee walisema mutu aliyechoka macho yake yanaona hata asiyekuwepo, basi afadhali asikilize. Jina lisipojibiwa, hakuna anayeondoka. Wote wanarudi juu, mvua inyeshe, mutu awe na homa, hakuna mujadala.

Na kama mutu amefia mulimani, mukubwa hana ruhusa ya kufunga safari. Anayeifunga ni mutu wa nyumba ya marehemu. Anakuja Kibati, jina linaitwa, naye anajibu: amebaki. Baada ya neno hilo ndipo watu wanakaa na kunywa. Hiyo ndiyo desturi yetu, na seksio zote zinaishika, hata zile zinazogombana juu ya kila kitu kingine.

Sasa ile siku. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi, 1996. Unaikumbuka kuliko mimi. Kambi ya Kibumba ilikuwa inavunjwa kwa mabomu, na wakimbizi wa ng'ambo ya mupaka walikuwa wanakatisha katika pori chini ya mulima kutafuta njia ya kambi ya Mugunga, wengi wanapotea, wanazunguka, wanakaa chini kusubiri kufa. Evariste alisema sisi njia tunazijua na wao hawazijui, na mupanda mulima akijificha nyumbani siku kama ile asijiite tena jina hilo. Wewe ulikasirika. Ulimuambia wale si watu wake. Alichokujibu unakijua, ulikuwa mulangoni na Bibiche mugongoni, mimi nilikuwa njiani namungoja na sikutaka kusikiliza.

Tulikuwa sita. Mukubwa wa safari alikuwa muzee Modeste, yuleyule aliyetuimbisha sote katika koro ya parokia, aliyekuwa anaweza kukuambia usingizini nani amekosa noti. Tulijipanga mbalimbali kwenye njia, kutoka Shaheru, kule kati ya mulima, mpaka porini, kila mumoja anawapokea watu na kuwaonyesha kwa mwenzake. Sitakuandikia nilichokiona. Muchana ukungu ukashuka, mabomu yakaanza kusogea upande wetu, na Modeste akapiga filimbi ya kushuka. Tulishuka mumoja mumoja, kila mutu na njia yake, na Kibati hatukuonana hata nyuso.

Modeste akatupa mugongo, akaita. Nilijibu langu. Wenzangu wakajibu yao. Akaita Evariste. Kukawa kimya kidogo, halafu mbele yetu, upande wa mulima, ndani ya ule ukungu, sauti ikasema nimeshuka. Ilikuwa sauti yake, yaya. Ilikuwa na ule uvivu wake wa mwisho wa neno, uliokuwa unanichekesha akisoma somo kanisani. Nilifurahi. Modeste akasema safari imefungwa, kimbieni kila mutu kwake, na tukakimbia. Nilikukuta Himbi unafunga mizigo, nikakuambia Evariste yuko nyuma yangu, anakuja. Ukamungoja mpaka watu walikuvuta kwa nguvu.

Kwa sababu ya neno lile moja hakuna aliyekwenda kumutafuta mulimani. Mutu aliyejibu mwito ameshuka, basi. Ukamutafuta njiani: Sake, Masisi, Walikale, kwenye magereza, kwenye hospitali, kwa madereva na kwa masista. Yule mufanyabiashara wa mafuta akaapa kwamba alimuona Kisangani, amenenepa, ana muke mwingine na mutoto. Sikukuambia kila mara nilivyoumia kukuona ukirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama ameniandikia kwamba hata leo, lori la Goma likifika, unatoka dukani, unasimama kando ya barabara na kuangalia nyuso za wanaoshuka.

Na huku kwetu kukaanza jambo ambalo sikutaka kukuandikia. Vita vilipotuachia nafasi ya kupanda tena, mwito ukiisha, majina yote yamejibiwa, mara mojamoja sauti nyingine inasikika. Inatoka mbele, ukunguni, inasema nimeshuka, na hakuna aliyeita. Nimeisikia. Usinidhanie wazimu, wameisikia wengi. Sekretere wetu Guylain, mutu asiyeogopa hata kodi, alichukua fimbo akaingia ukunguni kumukamata anayetuchezea. Alirudi rangi imemutoka, akarudisha funguo za biro, na mpaka leo hapiti Kibati hata kwa gari. Wapagazi wakakataa kazi zetu. Mutwanga walitucheka sana. Wakaja kututembelea, wakapanda nasi, wakashuka, na kicheko chao sijakisikia tena.

Mwaka jana inchi ilipoungana, nikachaguliwa prezida. Usinipongeze. Kinshasa na Bukavu walikuwa wanagombania kiti, kila mumoja akaona afadhali akae mwanamuke wa Goma kuliko akae mwenzake. Jambo la kwanza nililolipeleka mbele ya komite lilikuwa kuufuta mwito. Nilisema watu wasaini karatasi, wanywe maji, waende nyumbani kama Wakristo. Seksio nyingi zilikuwa tayari kunikubalia. Aliyepinga ni muzee Modeste. Alikuwa ameacha uongozi siku nyingi, yuko Mapendo kwa binti yake katika nyumba waliyoijenga juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, mapafu yake yameisha, lakini kila mara nikituma mutu kumubembeleza anajibu kwamba mwito ukifutwa azikwe siku hiyohiyo. Mwezi uliopita, kabla ya mukutano mukuu, nikaenda mwenyewe.

Nilikwenda na barua yako kichwani. Nilimuambia kwamba yaya anataka jibu, na jibu langu nimeshalipanga. Nilimuambia nitakuandikia hivi: Evariste alishuka, nilimusikia kwa masikio yangu, na mwanaume anayeshuka salama halafu haendi kwa muke wake amekwenda kwa mwingine. Nikamutajia na Kisangani. Nikasema kwamba wewe umeachwa, na kwamba mimi shemeji yangu huyo nimemuondoa katika sala zangu. Nilisema kwa hasira na nilikuwa nayaamini, yaya. Ilinichukua miaka kuanza kumuchukia, lakini nilikuwa nimeanza.

Muzee aliniomba nifunge mulango. Binti yake alikuwa uani anaosha vyombo, hakutaka asikie. Halafu akasema nisiandike hivyo, nisimutupie marehemu matope.

Aliniambia kwamba Evariste hakushuka. Jina lake lilipoitwa pale Kibati halikujibiwa na mutu. Aliyejibu alikuwa yeye mwenyewe Modeste, ametupa mugongo, uso ukunguni, mikono mbele ya mudomo. Sauti ya Evariste aliijua tangu siku ilipovunjika ya kitoto ikawa ya kiume, yeye ndiye aliyemuhamisha kutoka mustari wa watoto kwenda kwa wakubwa. Kuiiga haikumupa taabu yoyote. Alisema mabomu alikuwa anayasikia yanavyokuja, na sisi alikuwa anatujua. Kama jina lingekaa kimya tungerudi juu wote, na wa kwanza ningekuwa mimi. Kutuambia tuache mwenzetu asingeweza, na sisi tusingemutii. Basi akatufungia safari kwa uongo ili tukimbie, na sisi tulipokimbia, yeye akarudi juu peke yake kumutafuta.

Alimupata kesho yake, karibu na Shaheru, katika bonde dogo. Evariste alikuwa amepiga magoti, ameinamia mbele, na mugongoni alikuwa na bibi muzee, mukimbizi, amemufunga kwa kamba yake ya kupandia sawa na mama anavyobeba mutoto. Hawakuwa na jeraha, wala yeye wala bibi. Ni mazuku, ule upepo mubaya unaolala mabondeni, usioonekana, unaoua watu na mbuzi hapa kwetu. Ukungu ulimupotezea njia, akakata kupitia bondeni ili amufikishe bibi mapema. Modeste alisubiri upepo wa kweli uvume, akashuka, akafungua kamba, akawalaza wote wawili pamoja na kuwafunika kwa mawe. Hakuwa na jembe. Alimuimbia wimbo wa maziko, sauti zote nne, moja baada ya nyingine.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema alishuka kwa nia ya kukuambia. Akakuta muji umetekwa, wewe umekimbia, na kila mutu wa safari anayekutana naye anamushika mikono, anamushukuru kwa kuwashusha salama. Akasema nitasema kesho, na kesho ikazaa kesho. Halafu wewe ukarudi. Unakumbuka ulikwenda mpaka uani kwake, ukapiga magoti, ukamuuliza kwa jina la Mungu kama Evariste alijibu kweli. Akakujibu: alijibu, mama, alishuka. Aliniambia kwamba mpaka siku ile uongo ule ulikuwa wa kuokoa watu, na tangu siku ile ukawa wake mwenyewe, na hakuona tena pa kutokea. Mwaka wa 2002 makoro yakapita Shaheru. Udongo ulipopoa alipanda na kifua chake kibovu kutafuta yale mawe. Hakukuwa na mawe, hakukuwa na bonde, kila kitu kimekuwa cheusi na kimoja.

Nilimuuliza pia zile sauti za baadaye, kama ni yeye. Aliapa kwa sakramenti kwamba alijibu mara moja tu maishani. Alisema yeye pia anazisikia. Alisema aliufundisha mulima kujibu, na sasa haujui kunyamaza. Ndiyo maana alikuwa hataki mwito ufutwe. Kila safari alikuwa anauliza watu kama imesikika, maana alikuwa anajua ni yeye anayeitwa aje aseme ukweli.

Nilisimama. Sitakuficha, nilitaka kumupiga mutu mugonjwa. Nilikuona wewe na vumbi lako la Walikale, nikamuona Bibiche akiuliza watu kanisani papa yake ni yupi. Nikafika mulangoni, mukono kwenye kitasa, ndipo jambo jingine likanishika. Siku ile ningerudi juu, yaya. Unanijua. Wiki moja baadaye nilipita Kibati, nikaona mahali tulipokuwa tumesimama, kuna shimo ambalo ng'ombe angeweza kulala ndani. Uongo uliokula miaka yako minane ndio ulionipa mimi miaka hiyohiyo minane. Nimekula, nimefundisha jeografia, nimecheka, nimegombana na Kinshasa, yote kwa uongo ule. Sijui nifanye nini nao. Kumusamehe kwa niaba yako si kazi yangu, na kumulaani nashindwa. Nilimupa maji, akakunywa, nikaenda nyumbani.

Lakini mimi ni prezida, na safari iliyofungwa kwa jibu la uongo haijafungwa. Mukutano mukuu ulipokaa hapa Goma niliwaeleza wajumbe wote, kwa ruhusa ya Modeste mwenyewe. Wale wa Kinshasa walisema statuti, sheria za Umoja, hairuhusu kufungua tena safari ya zamani namna ile, hasa safari ambayo hata haikuwa na kibali. Muzee wa Mutwanga akawauliza statuti hiyo ilipanda mulima gani. Tukaondoka pamoja kwenda Kibati, Jumamosi iliyopita, seksio zote. Modeste tulimupakia kwenye kamioneti, juu ya kiti, na shuka miguuni.

Kulikuwa na ukungu. Niliwapa mugongo, nikaita majina ya siku ile kwa mupango uleule. Waliobaki hai wakajibu. Jina langu nililiita na nikalijibu mwenyewe. Modeste aliposikia lake, alijibu kwa sauti ndogo kwamba ameshuka, na nikasikia watu wakilia nyuma yangu. Halafu nikaita Evariste.

Wameniambia baadaye kwamba muzee alijiziba mudomo kwa mikono yote miwili. Mimi sikuona, nilikuwa natazama mulima. Nilikuwa najua, yaya. Nilikuwa najua amelala wapi na nani amemulaza, na bado nilisikiliza kwa mwili wote, nilisikiliza mpaka masikio yakauma. Sauti haikuja. Ilipita pikipiki moja mbali kwenye barabara ya Rutshuru, halafu na hiyo ikaisha. Tangu mwaka ule jina hilo lilikuwa halijaitwa Kibati, na sasa halikujibiwa na mutu wala na mulima.

Sasa wote wakaningoja mimi. Mimi ni shemeji, ni mutu wa nyumba, desturi inaniruhusu. Nilifungua kinywa niseme amebaki, nimalize, nikuandikie kwamba yameisha. Neno lilikataa kutoka. Nililivuta, likakataa. Nikaelewa kwamba hata mimi nilikuwa nataka kukujibia, na kuna mutu mumoja tu aliyemungoja Evariste miaka yote hiyo, na si mimi. Nikageuka nikawaambia safari haijafungwa. Hakuna aliyekaa, hakuna aliyekunywa. Tulirudi Goma kwa miguu, tukimusindikiza muzee nyuma ya kamioneti, midomo imekauka, na wale wajumbe wa Kinshasa na viatu vyao vya ofisi hawakuomba hata tone. Tangu siku hiyo nawaheshimu, ila usiwaambie.

Basi jibu lako ni hili. Wewe ni mujane. Umekuwa mujane tangu Bibiche hajaota jino la kwanza. Hukuachwa hata siku moja. Alikuwa anashuka kuja kwako, na alikuwa amebeba mutu.

Modeste yuko tayari kumuambia padri kwa kinywa chake, lakini uje haraka, dokta hamupi muda. Amesema ukitaka kumutemea mate uso wake upo. Sikushauri kitu, utaona mwenyewe ukimuona. Papa Kakule akitaka kukusindikiza, mulete. Mwanaume anayeoa mujane wa mupanda mulima aone na yale makoro yaliyomufunika. Vaa viatu vilivyofunika muguu, makoro yanakata. Na Bibiche umuambie yote njiani, usimungojee akue, tumeona kungojea kulivyotufanya.

Utasimama Kibati, nitakupa mugongo, nitaita. Ukishindwa kulisema siku hiyo, tutarudi Himbi, tutakula samaki, tutakwenda siku nyingine, hata mwaka mwingine. Maadamu niko hai jina litabaki wazi, hakuna atakayekuharakisha, wala padri, wala komite. Lakini nakuomba kitu kimoja kuanzia leo. Lori la Goma likifika, kaa dukani, yaya. Endelea kupima kitambaa. Evariste hamo.

Musalimie mama, na muguu wake. Musalimie Bibiche, na wote wa nyumba, na majirani wanaonikumbuka. Hapa tunakutandikia kitanda. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi mudogo wako akupendaye,

Olive Kanyere